Leso ya Stoo ya Maboya: Wasifu wa Mwalimu Jerusha Wakesho Mwakio

Mwalimu Jerusha Wakesho alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika hospitali ya Wesu, Taita, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mwadime na Mama Mghoi. Anayewasomea ni Elijah, mdogo wake, fundi wa magari hapa hapa Ghala, Muscat. Kamati ya mazishi imeniomba nisome kilichoandikwa na nisichomekee mengine. Kilichoandikwa nimekiandika mwenyewe, kwa hivyo lawama zote zije gereji.

Kwetu Werugha maji yalikuwa kitu cha kubeba kichwani, si cha kuingia ndani. Bafu letu lilizibwa kwa majani makavu ya migomba upande wa njia tu. Upande wa pili ulizibwa na mtu. Mama akioga, Jerusha alimshikia leso, kanga ya kujifunga, kama pazia. Jerusha akioga, Mama alishika. Sheria ilikuwa moja: mshika leso anatazama mlimani. Siku moja, akiwa bado mdogo, alikuwa akimshikia shangazi yetu leso, mbuzi akaingia kwenye mahindi. Jerusha alimwona na hakusogea. Baba alirudi akakuta mstari mzima umeliwa, akauliza mbona hakumfukuza. Jerusha akajibu kuwa shangazi alikuwa bado na sabuni. Baba alicheka hadi akasahau fimbo, na tangu hapo mtu akitaka siri yake ihifadhiwe pale nyumbani alimpelekea Jerusha.

Alisoma shule ya msingi Werugha na sekondari Bura, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Shanzu, Mombasa, mwaka 1996. Huko ndiko alikojifunza kuogelea, mtu mzima, ndani ya fulana na suruali ya mchezo, huku wenzake wa pwani wakimcheka. Mkufunzi wake alisema msichana huyu haogelei, anagombana na maji. Lakini Mtaita hasusi kazi aliyoianza. Alipohitimu 1998 alikuwa anawafundisha wale wale waliomcheka. Alifundisha michezo katika shule mbili za Mombasa, na tarehe 20 Agosti 2011 akaingia Muscat, Oman, kufundisha kuogelea katika shule moja ya binafsi, yenye watoto wa mataifa mengi. Shule hiyo sitaitaja. Wapo waliokuja leo wakiwa na kazi zao pale, na kodi ya nyumba haijui huzuni.

Alifunga ndoa na Bwana Jeff Mwakio tarehe 7 Desemba 2002 kanisani Wundanyi. Mungu akawajalia binti mmoja, Ivy. Jeff alimfuata huku mwaka 2013 akapata kazi ya upishi, wakakaa mtaa wa Mabela, kwenye nyumba ambayo wengi wenu mmewahi kulala sakafuni mlipokuwa hamna pa kwenda. Jeff mwenyewe atawaambia kwamba mkewe hakuwa malaika. Alikuwa na ukali, na chai yake ilikuwa mbaya. Ndoa yao ilikuwa nzuri, basi.

Sasa nifike kwenye kazi yake. Nikiiruka hii nitakuwa nimewasomea wasifu wa mtu mwingine.

Vyumba vya kubadilishia nguo pale bwawani vilikuwa viwili, cha wasichana na cha wavulana, vyote wazi ndani kama ukumbi. Watoto waliona haya. Wengine walivaa nguo za kuogelea chini ya sare tangu asubuhi, wakalowa jasho hadi mchana. Jerusha akatoa leso kwake. Aliifundisha kila darasa sheria ya Werugha: wawili wanashika, mmoja anabadilisha, washikaji wanatazama ukutani, kisha zamu inazunguka. Na kwa asiyetaka chumba chochote kati ya viwili, alisafisha pembe ya stoo ya maboya, mlango wa tatu, akatundika leso nyingine humo. Hakuna aliyeulizwa kwa nini anakwenda stoo. Alikwenda mvulana mwenye kovu la moto mgongoni. Alikwenda msichana aliyevaa mfuko wa choo tumboni baada ya upasuaji. Na kuanzia Septemba 2021 akawa anakwenda mtoto mmoja ambaye jina lake si langu kulitoa hapa.

Karatasi za shule zilimwandika mtoto huyo msichana. Mwenyewe alisema ni mvulana, na wazazi wake, watu wa kigeni kama sisi, walikuwa wamekubali kumsikiliza. Najua hapa kanisani kuna wanaolielewa jambo hilo na wasiolielewa. Mimi mwenyewe mpaka leo silielewi vizuri. Jerusha naye sikumsikia akilihubiri. Alichosema ni kwamba mtoto lazima avue nguo mahali, na lazima aende choo mahali, na kazi yake yeye ni mahali hapo. Mtoto alitumia stoo, akatumia choo cha walimu cha pale pale kando, akaogelea, akawa mwepesi majini kuliko wote. Zamu ikimfikia ya kushika leso, alishika na kutazama ukutani kama wenzake. Miaka miwili ilipita hivyo na hapakuwa na neno.

Kisha maneno yakaja kutoka nje. Kampuni inayomiliki shule, yenye makao yake Ulaya, ilituma sera moja kwa shule zake zote duniani. Sera ilisema mwanafunzi atumie chumba anachosema ni chake, na kumpa mtu mahali pa pekee ni kumtenga. Sera hiyo hiyo ilieleza pia utaratibu wa vyumba vya wachezaji wa barafu. Barafu, Muscat, ambako mwezi wa sita bomba la maji baridi linatoa chai. Jerusha alinisomea kifungu hicho gerejini tukacheka wote, na wallahi, sikujua kwamba nacheka msiba.

Wazazi wakapata habari. Mmoja wao, Bwana Wael, ana binti aliyekuwa akisoma kwa Jerusha. Si mtu mbaya. Alimwogopea bintiye, na mzazi akiogopa haulizwi kwa nini. Lakini barua aliyoizungusha kwenye simu za wazazi haikuandikwa Muscat. Ilitoka kwa shirika la ng'ambo nyingine, imeandikwa tayari, mtu ajaze jina la shule tu. Ilitaja sheria za nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi. Ilidai kila mtoto atumie chumba kinacholingana na karatasi zake, na walimu wakatazwe mipango yote ya pembeni. Jerusha alimwonyesha Bwana Wael ile stoo na leso. Bwana Wael akasema hii hasa haimsumbui, binti yake mwenyewe huitumia. Jerusha akamwomba aseme hivyo mbele ya bodi. Akasema barua imeshakwenda, ina majina mia na zaidi, hawezi kuirudisha.

Mnaona lilipofika? Sera ya kwanza ilikataa stoo kwa sababu inamtenga mtoto. Barua ya pili iliikataa kwa sababu inamficha. Watu wasiojuana, wanaochukiana, hawajakanyaga Mabela wala Ghala, waligombana juu ya kila kitu wakakubaliana jambo moja tu, leso ile ishuke. Bodi nayo ilikuwa ikiogopa Ulaya na kuwaogopa wazazi, basi ikachukua hilo moja. Januari 2024 stoo ikafungwa kufuli. Kuhusu mtoto, bodi ikasema asiogelee kwa sasa, na atumie choo cha chumba cha muuguzi, upande wa pili wa shule, hadi mwongozo mpya utakapotoka.

Aliyeletewa amri ya kuishusha leso alikuwa Bi Mahbuba, naibu mkuu wa shule, Muomani ambaye wazee wake walitoka Unguja. Yeye na Jerusha walikuwa marafiki wa kunywa kahawa kila asubuhi. Jerusha alimfuata ofisini. Sikuwepo, lakini Bi Mahbuba yupo hapa leo na ameniruhusu niseme alivyomjibu. "Jerusha, mie nna watoto mia sita na bodi moja. Nikikufungulia stoo, kesho watanitoa mie, ataletwa atakayeifunga kwa misumari." Hawakugombana. Alikuwa anasema kweli, na Jerusha alijua anasema kweli.

Akaomba azungumze na mwandishi wa ile sera. Akaambiwa iliandikwa na kamati, na kamati imeshavunjwa. Akaendelea kuomba, hadi akapangiwa mama mmoja wa makao makuu, kwa njia ya video. Mama mpole, anatabasamu. Jerusha akamuuliza swali moja: kesho asubuhi, mtoto huyu atavulia nguo wapi? Yule mama akamshukuru kwa kujali, akasema suala litaingia kwenye mapitio ya mwaka. Jerusha akamuuliza tena, kwa maneno yale yale. Akashukuriwa tena. Alipomaliza alinipigia simu akanieleza. Nilikasirika siku ile na hadi leo nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Gari likiharibika mimi huinua boneti nikaona kilichokatika. Hapa kila mtu niliyemtazama alikuwa amefanya kidogo tu, na kwa sababu anayoweza kuieleza.

Mtoto akaacha kunywa maji. Chumba cha muuguzi kilikuwa mbali, na kwenda kule wakati wa mapumziko ilikuwa ni kutazamwa na shule nzima. Basi akawa anarudi nyumbani na chupa imejaa kama alivyoondoka nayo. Jerusha aliligundua hilo, akamwambia muuguzi, akamwambia Bi Mahbuba, akawaambia wazazi, na wote walimsihi mtoto anywe. Mwezi wa Mei, kwenye mstari wa asubuhi, akaanguka. Jerusha ndiye aliyembeba. Akamtia maji mdomoni kwa kijiko, mtoto akageuza uso, akamwambia, "Mwalimu, nikinywa nitataka kwenda." Jerusha alikaa naye hadi mama yake alipofika. Mwezi uliofuata familia ikamtoa shule, wakahama nchi. Walimwachia Jerusha namba ya simu. Alipopiga baadaye haikuwa ikipatikana.

Mwongozo mpya haujatoka hadi ninaposoma hapa.

Mwezi wa Oktoba 2024 Jerusha alianza kulalamika maumivu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni. Alipimwa, ikaonekana ni saratani ya kongosho, imeshasambaa. Madaktari walifanya waliloweza, nasi tukafanya letu. Tuliomba, tulichanga, Jeff alipika vyote alivyowahi kuvipenda, na havikuliwa. Ivy aliacha masomo yake ya uuguzi Mombasa akaja kumtunza. Wiki za mwisho Jerusha alikataa hospitali akarudi nyumbani Mabela. Nilikuwa nikienda kila nitokapo kazini, na mikono yangu ya oili, anaifukuza ili shuka isichafuke. Jioni moja aliamka akanitambua, akaniuliza, "Elijah, yule mtoto anakunywa maji?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu kwenye chumba kile alinitazama niseme ndiyo. Nilimwambia sijui, dada. Akaitikia kwa kichwa, akalala.

Alituacha alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, Jeff akiwa amemshika mkono.

Juzi wanawake wa kanisa walikwenda na Ivy chumba cha maiti kumvisha kwa ajili ya safari ya kurudi Taita. Chumba kile kilikuwa na mlango wa kioo, na pazia halikuwepo. Wahudumu walikuwa wakipita. Ivy akasema mama yake havuliwi nguo hapa. Ndipo Bi Mahbuba akaingia na mfuko wa plastiki. Alipoamriwa kuishusha leso hakuitupa. Aliiweka kwenye kabati la ofisi yake mwaka mzima, na hakumwambia mtu, hata Jerusha. Akaitoa, akampa Dada Buthaina, mwalimu mwenzao, ncha moja, mwenyewe akashika nyingine, wakaikunjua mlangoni. Ivy ananiambia kazi ilichukua muda, na Bi Mahbuba mikono ilimuuma. Hakuishusha. Muda wote alikuwa ameelekeza uso ukutani, akilia, na hakugeuka mara moja.

Marehemu ameacha mume, Jeff, binti, Ivy, mama yetu, Mama Mghoi, anayetusubiri Wundanyi na ambaye hajaacha kuuliza ndege inafika lini, kaka yetu mkubwa, Mwandawiro, na mimi. Ameacha wanafunzi wengi wanaojua kuogelea, na zaidi ya hao, wanaojua kutazama ukutani. Ameacha pia mtoto mmoja ambaye hatujui yuko nchi gani. Mwenyezi Mungu anajua. Popote alipo, tunamwombea apate mlango, na anywe maji.

Dada Jerusha, umeshika leso ya watu tangu Werugha. Sasa tumekushikia wewe. Lala kwa amani, hakuna anayetazama.