Kibuyu Kilichopasuka

Ndani ya basi la kutoka Makutupora, Yotham alipakata kibuyu cha maziwa kilichopasuka. Mama muuza vitambaa aliyeketi kando yake akacheka. "Mzee wangu, hicho si cha kutupa?"

"Ni somo langu la jioni, mama. Leo nasimama darasani kueleza nini hukifanya kibuyu cha maziwa kiwe kibuyu cha maziwa. Nimemwomba Mungu jibu wiki nzima, sijajibiwa."

"Shule, na mvi hizo! Kibuyu cha maziwa kazi yake ni kuweka maziwa. Hiki kinavuja, basi ni taka."

"Marehemu mama yangu alikifukiza moshi kila asubuhi, maziwa yakae vizuri na yanukie."

Yule mama akakinusa, akaacha kucheka. "Mbona nasikia harufu ya maziwa?"

"Na hayo maziwa yako wapi?" Yotham akauliza, akimsogezea kibuyu.

Basi likasimama Kizota, kituo cha yule mama, naye bado anachungulia ndani ya kibuyu kitupu; Yotham akajua atakachosema darasani.