Meno Thelathini na Manne

BALQIS: Haloo! Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

TWALHA: Balqis, mie mjomba wako Twalha. Natumia simu ya mke wangu, yangu imezima—

BALQIS: Mjomba! Shikamoo.

TWALHA: Marahaba. Uko wapi?

BALQIS: Jabal Akhdar. Nishapanda na gari, nipo kona ya tatu juu ya kituo cha polisi, na maji yangu na tende. Wenye baskeli wametoka Birkat al Mawz, chini ya mlima, zamani. Wako njiani wanatoka jasho.

TWALHA: Aflah kashapita hapo?

BALQIS: Bado. Kwani huko kwenu Ibra siku hizi hamsalimiani? Hata hali hujaniuliza.

TWALHA: Simu yake anayo?

BALQIS: Ninayo mie. Eti inamuongezea uzito! Na Tamim naye kaiga, kanipa yake. Mchumba gani huyu, akifanya kaka yangu na yeye anafanya. Zote mbili ziko kwenye pochi.

TWALHA: [simu inakwaruza]

BALQIS: Mjomba? Huku mtandao unakuja, unaondoka.

TWALHA: Nakusikia. Aflah akitokea, msimamishe.

BALQIS: Nimpe maji, inshallah.

TWALHA: Si maji. Msimamishe. Ashuke kwenye baskeli, asiendelee.

BALQIS: Ebo! Kwenye mashindano? Mwaka mzima anajitayarisha, mjomba, ataninyonga. Kuna nini?

TWALHA: Nimefanya kosa.

BALQIS: [anacheka] Wewe? Wallahi leo mvua itanyesha.

TWALHA: Balqis, usicheke. Unakumbuka mimi na yeye tulivyobishana juu ya gia ya nyuma?

BALQIS: Nani asiyekumbuka? Mpaka mama akaondoka mezani. Yeye anataka ile ya meno ishirini na nane, wewe unataka thelathini na nne.

TWALHA: Thelathini na manne. Nikamwambia, ishirini na manane ni ya barabara ya Ibra na Sur. Njia imenyooka, gia zimekaribiana, mguu haushtuki. Jabali si barabara ya Sur. Mlima ule unataka gia kubwa nyuma, pedeli izunguke nyepesi, la sivyo magoti yanakufa nusu ya njia.

BALQIS: Na yeye akasema hiyo gia ya vizee.

TWALHA: Akasema. Basi mie nikamwekea kimya kimya. Sikumwambia.

BALQIS: Mjomba!

TWALHA: Nilimuonea huruma. Nikasema, akifika juu atanishukuru.

BALQIS: Sasa kosa liko wapi? Si umemsaidia—subiri, subiri, linashuka gari hapa. [mngurumo] Tangi la maji hili. Uuh, breki zinanuka mpaka machozi.

TWALHA: Njia hawakuifunga?

BALQIS: Hawakufunga. Ijumaa, watu wanapanda, wanashuka. Waendesha baskeli wanajibana pembeni tu.

TWALHA: La ilaha illallah.

BALQIS: Mjomba, unanitisha sasa.

TWALHA: Sikiliza. Gia ikiwa kubwa, cheni lazima iwe ndefu. Mie nimeweka gia, cheni sijabadilisha. Nilikuwa nataka kuibadilisha juzi, wakaja wageni kutoka Manah, nikawakalisha, kahawa, halwa, mtu wa tatu hata hatikisi kikombe chake kusema imetosha. Walipoondoka isha imeshaadhiniwa. Nikasema kesho. Jana sikuwapo nyumbani, sasa hivi ndiyo nafungua karakana, cheni mpya naiona mezani, ndani ya boksi lake.

BALQIS: Lakini baskeli inakwenda. Mie nimeichukua jana Alhamisi, mkeo Bi Turkiya kanifungulia mlango, Aflah kaizungusha uwanjani, iko sawa.

TWALHA: Uwanjani iko sawa! Gia ndogo ndogo iko sawa. Lakini mtu akiwa kwenye gia kubwa ya mbele, halafu mlima ukamshinda akatia kubwa ya nyuma— [simu inakwaruza] —inavutika mpaka—

BALQIS: Inavutika nini? Sikusikia.

TWALHA: Cheni! Inakosa pa kwenda. Inaung'oa ule mkono wa cheni unaoning'inia nyuma, mkono unaingia ndani ya spoku, tairi linafunga. Hapo hapo.

BALQIS: Na mtu?

TWALHA: Anaangushwa. Upande wowote. Sijui upande gani.

BALQIS: Na magari haya yote!

TWALHA: Lakini mie niliweka alama! Kazi yangu ikiwa haijesha nafunga kitambaa chekundu kwenye kiti. Miaka thelathini, mtu haondoi baskeli yenye kitambaa. Umeichukuaje wewe?

BALQIS: Kile kitambaa...

TWALHA: Ulikiona?

BALQIS: Nilikifungua, mjomba. Nilidhani mama kafunga. Kwa ajili ya jicho. Unamjua mama, kila kitu anaogopa hasadi, na Aflah hataki mambo hayo, wangegombana tena. Nikakifungua kabla hajakiona. Ya Rabbi, nimekifungua mwenyewe.

TWALHA: Haya, hukujua. Usilie sasa. Angalia njia.

BALQIS: Silii. [anavuta pumzi] Naona watu. Wanatokea. Wawili, watatu... Fulana ya kijani, yule Aflah! Mjomba, yule pale!

TWALHA: Cheni yake iko gia gani?

BALQIS: Nitajuaje mie? Anasimama juu ya pedeli, uso mwekundu. Aflah! Aflaaah!

TWALHA: Mwambie asiguse gia!

BALQIS: Simama! Wagif! Aflah, usiguse gia, cheni fupi! Mjomba anasema— [upepo, sauti za watu] —yako ni—ile ya nyuma—

TWALHA: Balqis? Kasimama? Balqis!

BALQIS: [anahema] Hakusimama. Nimemkimbilia pembeni hatua kumi, kanambia niondoke.

TWALHA: Ewe Mola—

BALQIS: Hapana, mjomba, sikiliza. Yuko salama. Hanayo gia yako!

TWALHA: Hanayo vipi?

BALQIS: Kahesabu meno asubuhi! Unamjua anavyohesabu. Kasema, “Mwambie mjomba gia zake za vizee simo.” Kaivua. Ana ishirini na nane, anasukuma kama punda, magoti shauri yake. [anacheka, analia] Alhamdulillahi. Mjomba, wacha nikae juu ya jiwe.

TWALHA: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi rabbil aalamin. Nitampiga yule, wallahi, na halafu nitambusu.

BALQIS: Mie wa kwanza.

TWALHA: Balqis.

BALQIS: Naam.

TWALHA: Hana chombo cha kufungulia gia. Chombo kiko hapa kwangu. Kaivuaje?

BALQIS: Sijui. Kasema wamebadilishana tairi zima la nyuma, na gia yake. Dakika mbili tu, kabla ya kuanza. Mie nilikuwa nishaondoka na gari.

TWALHA: Wamebadilishana. Na nani?

BALQIS: Na...

TWALHA: Balqis, na nani?

BALQIS: Na Tamim. Kasema Tamim kafurahi, yeye mlima huu hajawahi kuupanda, alikuwa anauogopa.

TWALHA: [simu inakwaruza]

BALQIS: Lakini baskeli ya Tamim cheni yake nyingine. Si ile. Labda yake ndefu. Mjomba? Labda yake ndefu?

TWALHA: Cheni yake niliifunga mimi. Mwezi wa Shaaban. Kwa kipimo cha ishirini na manane.

BALQIS: Lakini si mpaka awe kwenye kubwa ya mbele? Umesema mpaka—

TWALHA: Mgeni wa milima mkono wa kushoto, wa gia ya mbele, anausahau. Anabonyeza wa kulia tu, wa gia ya nyuma, anatafuta wepesi. Kashapita hapo?

BALQIS: Hajapita.

TWALHA: Wengine wanapita?

BALQIS: Walikuwa wanapita. Sasa hapana mtu. Kuko kimya, hata magari hayapandi.

TWALHA: Sogea ukingoni, utazame chini. Polepole.

BALQIS: Naona kona ya chini. Lile tangi la maji limesimama.

TWALHA: Limesimama pembeni?

BALQIS: Limekaa katikati, limepinda. Dereva kashuka. Amejishika kichwa.

TWALHA: Balqis, panda gari. Usiteremke kwa miguu. Unanisikia?

BALQIS: Kile kitambaa sikukitupa, mjomba.

TWALHA: Wacha kitambaa!

BALQIS: Nilimfungia Tamim. Asubuhi, chini ya kiti chake. Yeye hakukataa, alicheka tu. Nilikuwa naogopa, nikasema kitamlinda. Nikah yetu baada ya Id.

TWALHA: Mwanangu, panda gari.

BALQIS: Nakiona chekundu pale njiani.

TWALHA: Ndicho hicho. Kitambaa hicho, kimeanguka tu—

BALQIS: Kitambaa kilikuwa kidogo, mjomba.

TWALHA: Balqis? Haloo? Balqis!

[simu imekatika]