ICHAPE na USIICHAPE

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nyuma ya ukuta wa ofisi moja ya ghorofa tatu. Mimi ni fundi cherehani, nashona hatua mbili kutoka hapo, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa lazima unipitie masikioni, nitake nisitake. Wenye benchi ni Dakta, anayetengeneza saa. Methali, aliyewahi kufundisha shule na mpaka leo hajaacha. Na Mama Birika, mwenye kahawa. Leo saa nne asubuhi, saa ambayo mtu wa ofisini hana ruhusa ya kuwa nje, akatokea Stapla, karani wetu wa ofisi ile. Shati limeloa mgongoni, mkononi karatasi moja. Akakaa bila hata kusalimia. Nikajua suruali ya mteja leo haiishi.

Stapla: Nimeacha kazi.

Mama Birika: Haa! Hongera!

Stapla: Hongera ya nini, Mama? Sijaacha mimi. Kompyuta ndiyo imeniachisha.

Dakta: Kompyuta ina mamlaka hayo?

Stapla: Mnakumbuka nilivyokuwa nalia hapa? Barua mia kwa siku. Fungua moja, igeuze iwe PDF, ihifadhi, ichape, ifunge. Fungua nyingine. Miaka tisa! Mwezi uliopita akaja fundi wa kompyuta, akaniwekea programu. Akasema, kaka pumzika. Faili lolote ukiliandika ICHAPE kwenye jina, programu italisaka lilipo, italigeuza, italichapa na wenzake kwa mkupuo. Wewe kunywa chai.

Methali: Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Hiyo inaingiaje hapo?

Methali: Trei ya karatasi si iko chini?

Mkasi ulikuwa karibu. Mungu akanipa subira.

Stapla: Sasa mimi nilikuwa na barua yangu humo. Ya kuacha kazi. Niliiandika mwaka jana, siku bosi aliponirudishia barua moja mara sita kwa ajili ya alama ya mkato. Hasira tu, jamani! Nikaihifadhi, ikatulia. Programu ilipokuja nikaogopa, isije ikatoka kwa bahati mbaya. Jana jioni nikaibadilisha jina.

Dakta: Ukaipa jina gani?

Stapla: BARUA YA KUACHA KAZI USIICHAPE.

Mama Birika: Si umeikataza?

Stapla: Nimeikataza! Tena kwa herufi kubwa! Fundi ananiambia, kaka, programu haijui kukatazwa. Inatafuta ICHAPE, basi. Na ICHAPE si imo ndani ya USIICHAPE?

Methali akahesabu kwa vidole: u, si, i, cha, pe. Akatabasamu kama mwalimu aliyemkamata mwanafunzi.

Methali: Imo! Imo nzima nzima!

Mimi: Kwa hiyo ungeiacha na jina lake la zamani…

Stapla: Ingekuwa imelala mpaka leo! Tahadhari yangu ndiyo imeniua. Imetoka na ajenda za kikao, nakala kumi na mbili, moja kwa kila mkuu wa idara. Tarishi kazipanga mezani. Ukurasa wa kwanza, ajenda. Ukurasa wa pili, "Nimechoka kugeuza na kugeuzwa." Nimewahi kunyakua hii moja. Nilipotoka mbio bosi alikuwa amevaa miwani, anasoma. Jamani, kazi nyingine siijui. Mke wangu nitamwambia nini?

Dakta: Usiilaumu programu. Neno la kukataza halisikiki popote. Mama mkwe wangu nilimwambia, mama usihangaike kuja. Kesho yake yuko mlangoni na mizigo mitatu.

Methali: Tatizo ni lugha yetu! Kukataza tumekupa kipande kidogo pale mbele, tendo lote tumeliacha zima nyuma yake. Hebu tazameni ukuta huu.

Tukautazama. Rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA. Chini yake, kama kawaida, pamelowa.

Methali: Miaka yote tunawatukana. Kumbe maskini wanaona KOJOE HAPA!

Dakta: Yaani nao ni programu?

Methali: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Mwalimu, nakuomba. Nakuomba sana.

Mama Birika: Nyie hamwoni mbali. Mashine hiyo inakitaka kiti chake! Imepekua barua za ofisi nzima, ikaokota moja tu inayoifaa. Kesho itachapa ya bosi kuacha kazi.

Dakta: Bosi hajaandika barua hiyo.

Mama Birika: Itamwandikia! Mnafikiri itashindwa? Halafu itawaachisha wote, ibaki peke yake mle ndani, inajichapia.

Stapla: Jamani, mimi naungua, nyie mnaota moto! Nirudi nikaseme nini? Sikukusudia! Niape mara ngapi? Sikukusudia!

Methali: Sema ni kosa la kiambishi.

Hapo likafunguliwa geti la nyuma, akatoka dada wa mapokezi, kadi ya ofisi shingoni. Hajawahi kufika kijiweni kwetu. Stapla akasimama wima.

Dada: Shikamooni. Kaka, nimetumwa kwako. Bosi amezikusanya zile nakala kumi na moja, anasema ya kumi na mbili unayo wewe. Habari za programu hataki kuzisikia, fundi ameshamweleza. Kama hukukusudia, anazichana zote, na wewe unarudi mezani kwako kama jana.

Mama Birika: Mungu mkubwa! Nenda, mwanangu, nenda!

Dakta: Umeona? Bosi mtu!

Dada: Ila kuna swali moja, amesema nirudi na jibu. Fundi alipoifungua kompyuta wamekuta barua umeiandika mwaka jana, ni kweli. Lakini umeirekebisha kila Ijumaa, mpaka Ijumaa hii iliyopita. Bosi anauliza, ulikuwa unairekebisha ya nini?

Stapla akafungua kinywa. "Sikuku…" akasema, akaitazama karatasi mkononi. Mtu aliyeapa asubuhi nzima! Nilimkasirikia na nikamwonea huruma kwa pamoja. Nikamgeukia Methali, angalau atupe hata methali iliyopotoka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Dada: Nimwambie nini?

Mama Birika: Mwambie anakuja.

Lakini Stapla alikuwa ameshakaa tena benchini.