Wimbo wa Jogoo Mbele ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mliokwisha kunitambua, tafadhali, msicheke kwanza. Naitwa Lusajo, wa hapa hapa Soweto, Mbeya, mwimbaji wa mtindo wa kantri: gitaa kavu, kofia pana, buti za ngozi. Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonifungua kutoka kifungo cha kuuchukia wimbo wangu mwenyewe.

Wimbo mnaujua. "Jogoo Katoroka." Niliutunga kwa utani, Krismasi moja ambayo jogoo wetu wa sikukuu alikata kamba akaishia bondeni, tukala ugali na mboga ya maboga huku tunamshukuru Mungu. "Jogoo katoroka, Mwokozi kazaliwa, ugali upo, karibuni!" Kisha nawika mara tatu. Ndiyo, nawika! Niliurekodi mchana mmoja nikiwa na mafua. Tangu hapo kila Desemba unapigwa redioni, saluni, mpaka kwa mafundi cherehani.

Ndugu zangu, baada ya hapo nimetunga nyimbo arobaini! Za toba, za hukumu, za msalaba. Kuna moja ina beti kumi na mbili juu ya bonde la mifupa mikavu. Nani anaijua hapa? Nyoosha mkono. Mmeona? Hata mchungaji hakunyoosha.

Nikipita sokoni, wauza ndizi wananiwikia. Chunya nilialikwa kwenye mkutano wa injili, nikafunga siku tatu, nikapanda jukwaani na wimbo wa hukumu. Ubeti wa pili tu, mzee mmoja mchimbaji, vumbi mpaka kwenye kope, akapaza sauti: "Baba, hiyo tumeelewa. Sasa wika!" Nikashuka kwa hasira, nikaapa sitauimba tena. Nikawaomba akina mama wa maombi wamsihi Bwana aufute wimbo ule katika akili za Watanzania wote. Waliomba kwa machozi. Baadaye, wakiwa wanaosha vikombe vya chai, nikawasikia wanaimba. Wimbo gani? Msiniulize!

Mnacheka, lakini nilikuwa na uchungu. Niliona Mungu kanifanya kichekesho.

Ndipo mama mkwe wangu, kule Ipogolo, Iringa, akapata kiharusi. Mama yule alikuwa na sauti! Akikusalimu "Kamwene!" unaitika ukiwa ng'ambo ya barabara kuu. Sasa miezi mitano, kimya. Hata kumwita binti yake, mke wangu Faraja, hawezi. Faraja anakaa miguuni pake anamwambia, "Mama, niite tu. Hata mara moja." Mama anatoa machozi, neno halitoki.

Mwezi wa saba tukaenda wote. Faraja akaniambia, "Baba Imani, mwimbie mama ule wa jogoo. Aliupenda sana." Nikasema, mimi? Nimeapa! Tena mwezi wa saba! Nikachukua gitaa, nikamwimbia mifupa mikavu. Ubeti wa tatu mama akalala. Mimi nikaendelea mpaka wa kumi na mbili! Faraja akaniangalia, akaenda jikoni. Nikamsikia analia.

Kilio kile kilinichoma. Nilijiona mtu mdogo sana, namnyima mgonjwa wimbo kwa ajili ya heshima yangu. Nikasema, "Bwana, nisamehe kiburi changu." Mama alipoamka nikaanza: jogoo katoroka... Macho yake yakafunguka yote. Mkono wa kushoto ukaanza kupigapiga blanketi. Nikafika pale pa kuwika. Nikakwama!

Wenye wakwe mnanielewa. Mkwe ni mkwe! Mbele ya mama yule sijawahi hata kutafuna kwa sauti. Nikimsalimu nainamisha macho. Leo ninyooshe shingo, niwike kando ya kitanda chake? Nikanyamaza, vidole vinapiga gitaa vyenyewe, natazama sakafu kwa aibu.

Mama akawika.

Haleluya! Aliwika, ndugu zangu! Sauti nyembamba, imepinda upande, lakini aliwika, mara tatu! Kisha akaimba, "Ugali upo, karibuni," maneno mazima kabisa! Faraja akaingia mbio na mwiko mkononi. Nikasahau kiapo, nikasahau kama mimi ni mkwe, nikawika na mama mpaka majirani wakaja kuuliza kuku wetu wanaumwa nini.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini akatuambia tuendelee, kwamba wapo wagonjwa ambao kuimba hurudi kabla ya kusema. Nikasema asante daktari, na asante Yesu! Tukaimba kila asubuhi, mwezi wa saba, wa nane, nyumba nzima ikawa Krismasi kabla ya Desemba.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, unamnung'unikia Mungu kwa sababu anatumia kitu chako kile unachokionea aibu, na kile unachojivunia amekiacha pembeni. Mwamini! Mkabidhi vyote, achague mwenyewe. Mimi nilibishana naye miaka, na leo namshukuru kwamba hakunisikiliza.

Maana mwezi wa tisa, Faraja akiwa uani anasugua sufuria, sauti ikatoka ndani, taratibu, imekatikakatika: "Fa... ra... ja." Faraja hakuitika. Alisimama pale na sufuria yake, mikono imejaa majivu, akasubiri aitwe tena.

Akaitwa tena. Sifa kwa Bwana!