Shafti Iliyo Chini ya Kitanda Changu

Sogea, Honorata, kaa hapa ukingoni mwa kitanda, na wewe Gervasi baki hukohuko uani chini ya gari. Mlango nimeagiza uachwe wazi ili sauti yangu ikufikie na sauti ya vyuma inifikie mimi. Msinitazame kama watu waliokwisha kuanza matanga. Bado nahema, wanangu, na leo nina akili zangu zote, jambo ambalo sikuwa nalo siku ile nitakayowasimulia, ingawa siku ile nilikuwa na afya, na digrii, na kilemba kipya.

Mepesi kwanza. Nyumba hii ya Katubuka ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Vitabu ni vya Honorata, kwa sababu Gervasi angevitumia kukinga tairi lisirudi nyuma. Cherehani apewe dada yangu Melania kule Kibirizi, na msimpelekee maneno kwamba nilimsamehe ule ugomvi wetu wa mazishi ya baba, maana sikumsamehe. Mpelekeeni cherehani, ataelewa mwenyewe. Hayo yamekwisha. Limebaki gari.

Najua, Gervasi, kwamba Landrova hiyo umeihesabu kuwa yako tangu ulipoota ndevu. Umeiosha, umeipaka grisi, umenisikia nikikufundisha kuchomoa kijiti cha oili na kuitazama kwenye mwanga, kwamba ikiwa nyeupe kama uji maji yameingia, na kwamba kamba ya kuvutia hufungwa kwenye chesisi, haifungwi kwenye bampa, na ikikaza watu wote wakae mbali nayo. Uliniuliza mara ngapi kwa nini gari ya kuvuta magurudumu manne inavuta mawili tu? Nikakujibu shafti ya mbele, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu mbele, niliing'oa ili kubana mafuta. Ukaniuliza kwa nini basi shafti hiyo imeviringishwa kitenge na kulazwa chini ya kitanda changu kama mtoto mchanga. Hapo nikakufukuza. Mimi, ambaye nilipokuwa msichana niliifungua saa ya ukutani ya masista nione inajuaje muda, nikachapwa, nikaifungua tena; mimi ambaye sijawahi kupita mbele ya kitu kilichofungwa bila kutaka kujua ndani kuna nini. Kitu kimoja tu duniani sikutaka kukijua, nacho kiko ndani ya lile bonge la chuma lililo mbele ya uso wako sasa, hiyo difu inayogawia nguvu magurudumu mawili ya mbele. Leo nataka kujua. Nimechelewa miaka kumi, lakini nataka.

Masika ya mwaka sabini na nne, wakati watu wanahamishiwa vijijini, nilikuwa afisa maendeleo, mwanamke pekee mkoani mwenye gari la serikali analoliendesha mwenyewe. Watu waliniita Mama Afisa. Niliipenda sana sauti ya jina hilo, msidanganywe na mtu atakayesema nilikuwa mnyenyekevu. Siku hiyo nilimpeleka mgeni kutoka makao makuu, bwana mmoja wa suti ya Kaunda iliyonyooshwa mpaka inakata, akaone kijiji kipya upande wa Ilagala. Juma hilohilo fundi wetu Dismasi alikuwa ameifungua difu ya mbele, akabadilisha vyuma, akaifunga. Wakati ananikabidhi funguo alinionyesha vile vikombe viwili vya kulifunga gurudumu la mbele lishikane na ekseli yake, kimoja kila upande, akasema, "Mama Afisa, huku mjini nimeviachia, gari iwe nyepesi. Ukifika kwenye tope shuka, zungusha hivi, kila upande, ndipo upande ukavute ile gia ya magurudumu manne." Nikamwambia, "Dismasi, kitabu chake nimekisoma." Na kweli nilikuwa nimekisoma. Nilikisoma kama ninavyosoma hotuba, nikiruka palipo na michoro.

Karibu na mto kuna lile tope jeusi, mnalijua, linaloshika mguu kama lina deni nawe. Gari ikazama. Nikashuka na viatu vyangu mkononi, nikakizungusha kikombe cha kushoto, kilichokuwa upande mkavu. Nikazunguka upande wa kulia. Huko gurudumu lilikuwa limezama mpaka katikati, na juu ya maji kunaelea kinyesi cha ng'ombe, na yule bwana ananitazama dirishani, na wavuvi wamekwisha kukusanyika. Ilinipasa kupiga magoti na kuuzamisha mkono mpaka kwenye bega. Wanangu, sikupiga magoti. Niliinama kidogo, nikaigusa bodi ya gari kama mtu anayefanya jambo, nikarudi kwenye usukani. Nilijiambia kimoja kinatosha, nusu ya kazi itafanywa na upande mmoja.

Nikavuta gia, nikakanyaga mafuta. Wavuvi wakasukumia fito chini ya magurudumu. Nikasikia "ka!" kubwa chini ya miguu yangu, na gari ikazidi kukaa. Mzee Amuri, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo, alikuwa mkubwa wa wale wavuvi, akaja dirishani akaniambia, "Mama, gari yako inapiga kelele kama mtu anagombana na bibi yake, lakini haiendi fasi yoyote." Yule mgeni wangu akacheka, mimi nikaona dunia inanicheka. Ilitolewa kesho yake, kwa namna wanavyoupandisha mtumbwi: walikata nguzo ndefu, wakaiinua pua ya gari, wakapanga magogo chini yake, wakafunga kamba ya wavu nyuma, wakaivuta kinyumenyume huku wakiimba wimbo ambao maneno yake yalinihusu. Nilipomshukuru Mzee Amuri, akanijibu kwa upole kabisa, "Hapana neno. Mtumbwi wenu huu umesoma, tatizo haujajua maji."

Tuliporudi gereji, Dismasi hakutazama gari kwanza, alinitazama mimi. Akauliza swali moja tu: "Mama, ulivifunga vyote viwili?" Mbele ya mgeni, mbele ya bosi wangu, nikajibu, "Nilifunga." Halafu nikaketi, nikaandika ripoti kwa Kiswahili safi chenye vifungu na vifungu vidogo, kwamba nilisikia difu ya mbele ikivunjika, na kwamba imevunjika kwa uzembe wa fundi. Vipuri havikuwapo, hakuna aliyeifungua kuhakikisha. Gari ikawekwa kando, fundi akafukuzwa. Watu wakaongeza lao, kwamba vyuma vipya aliviuza akafunga vya zamani. Hilo sikuliandika mimi. Wala sikulikanusha.

Gari ilipopigwa mnada niliinunua. Mlidhani ni mapenzi? Niliogopa ataichukua mtu mwingine aifungue. Nikang'oa shafti ili mbele pasiguswe, nikaendesha kwa magurudumu ya nyuma miaka yote hii, nikawa hodari wa tope kweli, nikajua kuchimba mbele ya tairi badala ya kulizungusha, nikajua kupunguza upepo, nikawavuta watu wengi kutoka mitaroni na wakanisifu. Na kila nilipoenda Ujiji nilimpita Dismasi barazani kwa watu, anaunga baiskeli na pasi za mkaa, maana gereji zote zilimkataa. Ananiamkia, "Shikamoo, Mama Afisa." Naitika marahaba, mbele ya mtu aliyenizidi umri.

Basi huu ndio wosia wenyewe, na Honorata ni shahidi. Gervasi, nilikuambia asubuhi upandishe pua ya gari kwa jeki, magurudumu ya mbele yote yawe hewani, na ufunge ncha moja ya shafti kwenye difu, ile nyingine uishike mwenyewe. Sasa funga vikombe vyote viwili, halafu zungusha shafti kwa mikono. Kama meno ya ndani ya difu yamevunjika utasikia yanaruka yakisaga, na magurudumu yatasuasua. Hapo Dismasi alikosea kweli, niliandika ukweli bila kuujua, na gari ni yako. Kama ni mazima, gari ni yake. Ndiyo, najua kilicho mikononi mwako ni urithi wako. Ndiyo maana nimekupa wewe uzungushe. Na usinidanganye, miguu imekufa, masikio bado.

Zungusha.

Nasikia. Polepole... zungusha tena. Hakuna kinachoruka. Honorata, simama mlangoni unitazamie. Magurudumu yanazunguka? Yote mawili? Laini, eh? Miaka kumi bila kuguswa, na bado laini namna hiyo. Fundi huyo!

Basi ule mlio zilikuwa fito za wavuvi zikivunjika.

Subiri, usitoke chini ya gari, bado nina swali. Kiachie kikombe cha kulia, cha kushoto ukiache kimefungwa, kama nilivyofanya mimi. Zungusha. Honorata, la kushoto linafanyaje? Limesimama? Shafti inazunguka na la kushoto limesimama? Hata lile nililolifunga! Zungusha tena nisikie... Kumbe nguvu yote inakimbilia upande ulioachiwa. Angalieni jambo hilo. Miaka kumi nzima nimejitetea mbele ya Mungu kwa gurudumu la kushoto, kwamba nusu nilifanya, na gurudumu lenyewe halikusogea hata kidole. Msinililie. Nacheka. Ni jambo zuri kulijua.

Nipe maji... Asante.

Chini ya mto kuna barua mbili zinazofanana, nimezitia sahihi jana, na leo ndio najua ni za kweli. Moja ipelekwe ofisini, wagonge muhuri kwamba wameipokea. Ya pili isomwe siku ya kunizika, kabla ya mtu yeyote hajataja digrii ya Makerere wala Mama Afisa, na Dismasi akae mbele, penye viti. Gervasi, umpe gari na shafti yake, na kile kitenge kitoeni, hakuna mtoto humo. Akiikataa gari msimbembeleze, ana haki ya kukataa. Barua aipate hata akiikataa. Na wewe, Gervasi, ulizungusha kwa haki... nilikusikia. Hilo ndilo ninalokuachia, sina kubwa kuliko hilo.

Honorata, wanafunzi wako wakikuuliza usilolijua, waambie sijui, kisha nendeni mkafungue mtazame. Mungu awakinge na aibu inayozuia magoti. Awape mikono isiyoogopa maji machafu. Mpendane... na oili mbadilishe kabla hajaichukua, asiikute chafu.

Nani huyo langoni? Baiskeli ile naijua mlio wake. Amekuja. Nilimwita, ndiyo, nilimtuma Hamdani wa jirani. Asiniamkie. Mwambieni asiniamkie, leo mimi ndiye... Msogezeeni kiti.

Dismasi. Shikamoo.

Kaa. Niulize lile swali lako. La gereji. Niulize, kaka, sina muda.

...

Kimoja. Nilifunga kimoja.