Nguma Tinga, Mtu wa Ghala Aliyerudi Darasani

Marehemu Nguma Tinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Rabai, kitinda mimba wa mzee Tinga. Alimaliza darasa la nane mwaka 1989, akakosa karo ya kuendelea, akashuka Changamwe kutafuta kibarua.

Mwaka 1994 aliajiriwa kupakua mizigo katika yadi moja ya makontena, na kwa bidii yake akapandishwa kuwa karani wa ghala. Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na Selpher. Walipanga chumba Magongo, wakajaliwa Lynnette na Kiponda.

Mwaka 2016, akiwa na miaka arobaini na miwili, alijiunga na chuo cha jioni kusomea usimamizi wa ugavi. Alisoma namna ya kuchagua wa kukuuzia, kukadiria mahitaji kabla ya kuagiza, na kupanga safari za malori. Akirudi alimsimulia Selpher yote huku akimenya viazi. Selpher hakuwahi kukaa darasani, na jioni zile zilikuwa shule yake. Somo lenyewe alilipenda. Asilolipenda ni jina la Judy wa Junda, mwanafunzi mwenzake marehemu, lililokuwa likiingia kila baada ya sentensi mbili.

"Mama Lynnette, mali ikilala ndani ni hasara," marehemu alisema siku moja. "Kitu kifike siku ya kutumika."

"Na kisipofika?"

"Judy anasema ukimchagua vizuri anayekuletea, hakosi."

"Basi Judy aje apike."

Wazee walipokuja kuleta mahari ya Lynnette, marehemu aliagiza unga na mchele vifike asubuhi ile ile. Gari lilinasa kwenye foleni Kibarani hadi alasiri. Wageni walikunywa mnazi kwa matumbo matupu, na posa ikageuka ngoma. Marehemu aliisimulia hadithi hiyo miaka yote akijicheka. Tangu siku hiyo Selpher aliweka nusu gunia la unga nyuma ya mlango, na hakuliondoa hata alipokatazwa.

Kazini elimu yake ilizaa matunda. Alipanga upya yadi, madereva wakaacha kulala langoni, naye akafanywa msimamizi wa ghala.

Mwaka 2019 alihamia Junda kwa Judy. Hilo halifichwi, kwa kuwa nyote mliokaa hapa mnalijua. Hakukuwa na kikao cha wazee. Alibeba mkoba wa vitabu, akaacha nguo. Selpher angevumilia habari ya kitanda. Kilichomnyima usingizi ni kujua kwamba jioni, viazi vikimenywa, kuna mwanamke mwingine anayesimuliwa habari za malori, tena anayejibu kwa lugha ya kitabuni.

Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Mwezi Agosti alishuka kwenye tuktuk mlangoni Magongo, na mkoba ule ule. Selpher alimpikia uji.

"Bado unaweka akiba?" marehemu aliuliza, akitazama nyuma ya mlango.

"Naweka. Kuna mzigo ulichelewa."

Alicheka mpaka akakohoa. Judy alipokuja kumwona, Selpher alimpa kiti, lakini kijiko cha uji hakukitoa mkononi mwake. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, kitandani pake Magongo, mkewe akiwa kando.

Ameacha mjane mmoja, Selpher. Watoto wawili, Lynnette na Kiponda. Mjukuu mmoja, na dada yake, Winfred. Judy wa Junda ameomba atajwe, naye anatajwa: alisoma na marehemu.

Lala kwa amani, Baba Lynnette. Safari hii huhami tena.