Bwana Sedekia na Nta ya Bonde la Igowole

Tarehe 31 Desemba 1958 Bwana Sedekia Mwasomola anavua koti lake jeupe, baada ya miaka ishirini na sita katika maabara yetu ya udongo hapa Mbeya. Alianza mwaka 1932 kama mwosha chupa. Anaondoka akiwa msaidizi mwandamizi, na bado haamini chupa aliyoosha mtu mwingine.

Tuliofanya naye kazi tunazijua sheria zake. Akipima, madirisha hufungwa, na ole wake atakayepiga chafya karibu na mizani. Kila kitu hukinusa kabla ya kukiandika. Tulimcheka sana kwa tabia hiyo, mpaka mwaka 1954.

Mwaka huo alitumwa Igowole, upande wa Iringa, kuchukua mboji, ule udongo mweusi wa bondeni. Wageni wa kiwanda cha rangi ya viatu walitaka kujua kama ina nta ya kutosha kutengenezea rangi hiyo. Ikiwa nayo, bonde lingechimbwa lote, pamoja na vinyungu, yaani bustani ambazo wenyeji hulima humo wakati wa kiangazi. Bi Verediana, mwenye kinyungu pale, alimwuliza watoto wake watakula nini.

Makopo ya mboji aliyafunga kama kwao Rungwe wanavyofunga vyombo vya asali: aliziba vifuniko kwa nta ya nyuki. Jua la njiani likaiyeyusha, ikavujia ndani. Tulipochemsha mboji katika benzini, ambayo huyeyusha nta, nta ikatoka tele, na wakubwa wakafurahi. Barua ya kuwaita wachimbaji ilikuwa imeshaandikwa Sedekia alipoinusa ile nta. Ilinukia asali.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Aligonga mlango wa mkuu wa maabara, akasema: "Bwana, nta hii siyo ya udongo. Ya nyuki hii, nimeitia mimi mwenyewe."

Alipewa onyo la maandishi, akarudi Igowole na chupa zenye vizibo vya kioo. Safari hii alipima mara tatu. Nta ilikuwa kidogo mno, na wageni wakaenda zao. Onyo lile bado limo katika faili lake, nasi tunaona fahari kulitaja mbele ya watu.

Asubuhi hii basi la Iringa limemletea kikapu cha mahindi mabichi, wakati mashamba ya mlimani ndiyo kwanza yanachipua. Yametoka katika kinyungu cha Bi Verediana.

Asante, Bwana Sedekia. Nenda salama Rungwe, uyale mahindi hayo na mkeo Damari, na Mungu akupe miaka mingi ya kunusa upendacho.